Gari limesimama kwenye zebra, wewe unalipita: tuongee kuhusu kuovateki karibu na vivuko

Usukani Taratibu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mada ya barabara ikiguswa, ubishi huu haukosi: gari la mbele yangu limesimama kwenye zebra, njia ya pembeni ni nyeupe, je, nalipita au nasimama? Majibu huwa mengi, na mengi yake huanza na "inategemea". Msimamo wangu ni kwamba haitegemei. Gari likisimama kabla ya kivuko, chukulia kuna mtu mbele yake ambaye wewe humwoni, mpaka uione zebra yote kwa macho yako, ncha hadi ncha.

Kwanza kilichoandikwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ibara ya 11, unamkataza dereva kulipita gari linalokaribia kivuko chenye alama, au lililosimama kabla tu ya kivuko, isipokuwa awe kwenye mwendo mdogo wa kumwezesha kusimama papo hapo akikuta mtu anavuka. Mkataba huohuo unaziruhusu nchi kukaza zaidi ya hapo, na nyingi zimekaza. Uingereza, ukishaingia kwenye ile mistari ya zigizaga kabla ya kivuko, huruhusiwi kulipita gari linalotembea lililo karibu zaidi na kivuko, wala lililosimama kumpisha mtu. Ujerumani wameandika sentensi moja fupi isiyo na mlango wa kutokea: kwenye vivuko ni marufuku kuovateki. Jimbo la California nako, gari likisimama kumpisha anayevuka, anayetoka nyuma halipiti.

Sasa sababu, maana sheria ambayo mtu hajui imetoka wapi huiheshimu trafiki akiwepo tu.

Chukua basi dogo limesimama hatua moja kabla ya zebra. Mtu anavuka mbele yake kwa mwendo wa kawaida, kama mita 1.2 kwa sekunde, kipimo ambacho wahandisi hutumia sana wanapopanga muda wa taa za waenda kwa miguu. Wewe uko njia ya pembeni, unakuja na kilomita 50 kwa saa. Ubavu wa basi umekuziba. Mtu huyo unaanza kumwona uso wake ukichomoza kwenye kona ya mbele ya basi, na kutoka hapo hadi aingie kwenye njia ya bampa lako ni kama sekunde moja na kidogo. Kwa mwendo huo, katika sekunde moja wewe umeshakwenda karibu mita 14. Vitabu vya udereva vya Uingereza vinasema gari la kilomita 48 kwa saa linahitaji mita 23 kusimama, na mita 9 za kwanza huisha kabla mguu haujagusa breki, bado unashangaa. Kwa hiyo unapomfikia yule mtu, breki zako zimeshika kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Gari limepungua mwendo kidogo sana.

Utasema, basi nitapita na 30. Kwa kilomita 32 vitabu vinakupa mita 12 za kusimama. Katika ile sekunde moja umeshatumia karibu 9. Bado mita 3, na yeye yuko ndani ya hizo mita 3.

Ndiyo maana "mwendo wa kusimama papo hapo" si lugha ya mapambo. Ukiufanyia hesabu unakuta ni mwendo wa mtu anayetembea. Na ukishafika mwendo huo, kusimama kabisa kunakugharimu nini?

Karibuni mchangie. Wa kupinga nao waje.

Kaka Mwendo

Mkuu, naona umechanganya mambo mawili. Kuovateki ni kulipita gari linalotembea. Gari lililosimama nalipita tu, kama ninavyolipita lililoegeshwa. Ningesimama nyuma ya kila gari lililosimama ningefika lini? Jingine limeharibika pale, jingine dereva anaongea na simu, jingine linashusha abiria. Tusitishane.

Usukani Taratibu

Kaka Mwendo, rudi kwenye maneno ya mkataba: "linalokaribia" na "lililosimama" yote yametajwa. Polandi wao walilitenganisha kama unavyolitenganisha wewe, kulipita gari linalokwenda kivyake na kulipita lililosimama kumpisha mtu kivyake, halafu wakapiga marufuku yote mawili kwenye kivuko. Kwa hiyo hapo hakuna upenyo.

Na lililoharibika? Sawa, linaweza kuwa limeharibika. Utajuaje ukiwa mita 30 nyuma yake? Dereva aliyezimikiwa na gari na dereva anayempisha mtoto, ukiwatazama kwa nyuma wote wanafanana: taa nyekundu na gari halisogei. Nenda taratibu mpaka pua ya gari lako ilingane na yake, tazama zebra yote, kama hakuna mtu endelea na safari. Umepoteza sekunde chache.

Mzee wa Semi

Nachangia kama mtu wa magari makubwa. Lori likisimama kwenye kivuko ni ukuta wa nyumba. Gari dogo likisimama walau unaweza kuona kichwa cha mtu mzima juu ya paa au kupitia vioo, lakini ubavu wa lori hauna dirisha la kumwonea mtu. Na ninyi wa magari madogo mkiona lori limepunguza mwendo, akili yenu ya kwanza ni "lile zito, halina haraka, nilipite". Nawaona kwenye kioo. Taa za breki zangu zinawaka, wewe unawasha indiketa.

Ninachofanya siku hizi ni kusimama mapema. Siendi kuweka bampa kwenye mstari. Naacha nafasi kama ya gari dogo mbili hivi kati yangu na zebra. Kazi yake ni mbili. Kwanza, kutoka kwenye kebini ya juu simwoni mtu aliye chini kabisa ya kioo changu cha mbele, hasa mtoto, kwa hiyo nikisimama mbali namwona tangu miguu. Pili, yule anayetoka pembeni yangu anapata kumwona anayevuka mapema, kwa sababu kona yangu imerudi nyuma. Utingo wangu mmoja alikuwa anauliza kwa nini tunasimama "porini". Nikamshusha, nikamwambia akasimame kwenye zebra aangalie barabara kutokea pale. Hakuuliza tena.

Mchora Barabara

Mzee wa Semi amesema kitu ambacho kwetu sisi wa ramani kina kanuni yake. Marekani, kwenye barabara za njia nyingi, mstari wa kusimamia haukai mlangoni mwa zebra. Unarudishwa nyuma kati ya mita 6 na 15, pamoja na kibao cha "simama hapa". Lengo ni hilohilo: kuisogeza ile kona inayoficha watu. Gari likiwa hatua moja kutoka zebra, wa pembeni anamwona mvukaji akiwa tayari anaingia njiani kwake. Likiwa mita 10 nyuma, anamwona angali katikati ya njia ya kwanza. Huo ni muda wa ziada wa zaidi ya sekunde, na sekunde ndiyo tuliyokuwa tunaililia kwenye posti ya kwanza.

Niongeze jambo ambalo huwaudhi watu. Rangi peke yake haitoshi. Kuna utafiti wa mamlaka ya barabara kuu ya Marekani uliotoka mwaka 2005 uliolinganisha vivuko vilivyopakwa rangi na sehemu zisizopakwa. Kwenye barabara za njia mbili hawakuona tofauti ya maana. Kwenye barabara za njia nyingi zenye magari zaidi ya takriban 12,000 kwa siku, vivuko vya rangi tupu, bila taa wala kitu kingine, vilihusishwa na ajali nyingi zaidi za waenda kwa miguu. Moja ya aina za ajali walizozikuta hapo ni hii tunayoijadili: wa kwanza kasimama, wa pili kapita.

Kwa hiyo mkisikia "tumewawekea zebra" kwenye barabara ya njia tatu kila upande, ulizeni vitu vingine viko wapi. Kisiwa cha katikati ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati. Kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, ambacho hakimwombi dereva apunguze, kinamlazimisha. Taa. Au, dawa ninayoipenda kuliko zote, kubana barabara ibaki njia moja kila upande pale kwenye kivuko. Hapo wa kuovateki hana pa kupitia, na ubishi wa Kaka Mwendo unaisha bila trafiki.

Na kituo cha basi kiwekwe baada ya kivuko. Kikiwa kabla, basi linaloshusha linageuka pazia la zebra, na abiria wenyewe wanavukia mbele ya basi. Kikiwa baada, abiria anarudi nyuma ya basi kwenda kuvuka, na anayekuja anamwona.

Mama Mapacha

Mimi sina gari. Navuka barabara ya njia nne kila siku na kigari cha watoto, kwa hiyo naomba niseme tunavyoiona kutoka huku chini.

Wa kwanza anasimama. Anatoa mkono dirishani, anapunga: vuka, vuka mama. Anakuwa na uso wa huruma kabisa. Nikichelewa anapunga tena, na wa nyuma yake wanaanza honi. Shida ni kwamba yeye amejisemea mwenyewe tu. Hajui anayekuja pembeni yake, na mimi simwoni huyo kwa sababu gari lake limenikinga.

Sasa kigari. Mikono yangu imeshika mpini nyuma, watoto wako mbele yangu zaidi ya hatua moja. Ili macho yangu yafike ukingoni mwa gari lililosimama, watoto wanakuwa wameshaingia kwenye njia ya pili. Yaani wanachungulia wao kabla yangu. Madereva wangapi wamewahi kulifikiria hilo?

Mwalimu wa L

Dada, umenigusa, na nitaliingiza darasani.

Kwa upande wa mkono: kanuni za barabara za Uingereza zinamwambia dereva moja kwa moja asimpungie mtu avuke, asimmulikie taa wala kumpigia honi ya kumkaribisha, kwa sababu huenda gari jingine linakuja. Wanafunzi wangu hushangaa, wanaona ni ustaarabu. Ustaarabu ni kusimama na kutulia. Mwenye kuamua kuvuka ni mvukaji baada ya kutazama mwenyewe.

Kwa upande wa kigari: vuka njia ya kwanza, kisha simama ncha ya kigari ikiwa sambamba na ubavu wa gari lililokupisha, isizidi. Hapo toka nyuma ya mpini, mkono mmoja ukiwa umekishika, sogea pembeni yake mpaka uso wako ufike pale, chungulia njia ya pili. Anayekuja akiwa amesimama, au njia iko tupu, endelea. Aliyekupisha asubiri. Akipiga honi asubiri na honi yake. Kwa mtoto anayetembea, mshike mkono wa upande usiotokea magari, wewe uwe wa kwanza kufika ukingoni.

Najua mtu atasema kwa nini mzigo anabebeshwa mvukaji wakati haki ni yake. Ni kweli haki ni yake. Kwenye mkataba uleule wa Vienna, ibara ya 21, dereva anatakiwa kukikaribia kivuko kwa mwendo usiomhatarisha aliyeanza kuvuka au anayekaribia kuvuka, na kusimama ikibidi. Ninachomwelekeza dada ni cha kumfikisha ng'ambo leo.

Mama Mapacha

Nimekuelewa mwalimu. Ila hapo ukingoni mwa gari nikisimama kuchungulia, yule aliyenipisha huwa anadhani nimebadilisha mawazo, anaanza kuondoka.

Mwalimu wa L

Ndiyo, hutokea. Mtazame machoni kabla hujachungulia, kiganja juu kumwonyesha angoje. Na ninyi madereva mnaosoma hapa: mtu akisita mbele ya gari lako hajaghairi. Anamtafuta mwenzako. Gia ibaki ilipo.

Piki Piki Tu

Sisi wa magurudumu mawili mnatusema kimyakimya, naona. Pikipiki ni nyembamba, inapita katikati ya magari bila kumgusa mtu, na breki zake zinashika haraka. Mnataka nisimame kwenye foleni nyuma ya lori linalonitemea moshi?

Usukani Taratibu

Hatukusemi, bwana, ila hesabu yako ni mbaya kuliko ya gari. Mwenye gari akiwa njia ya pembeni ana kama mita nzima kati yake na ubavu wa basi. Wewe unayepenya unapita nusu mita kutoka ubavuni, pengine chini ya hapo. Mtu akichomoza kwenye kona ya basi ana nusu hatua tu kuwa mbele ya gurudumu lako. Ile sekunde moja ya mwenye gari kwako ni nusu. Breki hata zikiwa za dhahabu, mkono wako haujabana bado. Na tofauti na mwenye gari, wewe mwenyewe huna bodi ya kukulinda mkigongana na huyo mtu.

Penya kwingine kote sheria inapokuruhusu. Kati ya gari la kwanza na zebra usipenye.

Bi Tahadhari

Swali la mtu aliyepata leseni juzi. Mimi nataka kusimama, lakini naogopa wa nyuma yangu ataniingilia. Ananisogelea mpaka taa zake sizioni kwenye kioo. Nikifunga breki ananigonga, nisipofunga namgonga mtu.

Mzee wa Semi

Binti yangu, usifike mahali pa kuchagua. Zebra haihami. Kibao chake unakiona mapema, na watu waliosimama pembeni unawaona mapema. Ukikiona tu, toa mguu kwenye mafuta, tazama kioo, gusa breki kidogo taa ziwake, achia, gusa tena. Wa nyuma anaanza kujua kuna jambo kabla hujaamua lolote. Breki ya mwisho inakuwa laini. Wanaogongwa nyuma wengi ni wale wanaokiona kivuko wakiwa tayari juu yake.

Kaka Mwendo

Nakubali mengi, sina kiburi cha bure. Ila hili la mwendo mnalikuza. Tofauti ya 50 na 60 pale kwenye zebra ni nini, kama mtu akigongwa kagongwa?

Mchora Barabara

Tofauti ni anayerudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na pua ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kilomita 15 tu, mara nne na nusu. Na anayeovateki kwa kawaida anaongeza mwendo. Hakuna anayelipita gari jingine huku akipunguza, kwa hiyo kitendo chenyewe kinakusukuma upande mbaya wa hesabu hiyo mahali pabaya kuliko pote.

Shirika hilohilo lilikadiria watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano walikuwa waenda kwa miguu.

Mpenda Magari

Magari mapya yana breki zinazojishika zenyewe zikiona mtu. Hilo si litamaliza huu uzi?

Mchora Barabara

Zinasaidia, lakini kamera na rada zinatazama kutokea kwenye gari lako, na basi ni bati kwao kama lilivyo bati kwako. Mtu akitokea nyuma ya ubavu, mashine nayo inamwona palepale unapomwona wewe. Inaokoa ule muda wa kushangaa. Mita za breki zenyewe haziondoi.

Bi Tahadhari

La mwisho jamani. Na magari ya upande wa pili? Barabara ya njia moja kwenda, moja kurudi. Wanaokuja mkabala wamesimama foleni hadi kwenye zebra, upande wangu mweupe. Hapo simpiti mtu yeyote, si kuovateki.

Usukani Taratibu

Kuovateki hapo hakuna, uko sahihi. Kivuli ni kilekile. Foleni ya mkabala imeficha nusu ya zebra, na wanaovuka kutoka upande ule watachomoza katikati ya barabara, si pembeni ulikozoea kutazama. Punguza kana kwamba kuna gari limesimama mbele yako. Foleni ikiwa upande wako, usiingie juu ya zebra mpaka uone nafasi ya gari lako lote ng'ambo yake. Ukikwama katikati ya mistari watu watakuzunguka kwa mbele na kwa nyuma, na huko nyuma ndiko pikipiki zinakopenya.

Kuhusu lini uruhusiwe kuovateki tena, maana nimeulizwa faragha: ukishakiacha kivuko chote nyuma ya bampa lako la nyuma, na alama nyingine za pale hazikatazi. Kabla ya hapo kaa kwenye njia yako hata kama wa mbele anatembea kama konokono.

Piki Piki Tu

Na kama wa mbele ni baiskeli? Haifichi mtu.

Usukani Taratibu

Haifichi, ila ukiipita inabidi ujitanue, na macho yako yanakuwa kwenye baiskeli badala ya zebra. Ngoja ipite kivuko kwanza. Hapo ni mita chache tu.